Kidole Hakitambuliki

Simu imenikataa leo asubuhi.
Nimeweka dole gumba, ikatikisika
kama mtoto anayekataa uji:
Kidole hakitambuliki. Jaribu tena.
Nimelifuta kwenye kanga, nimelipulizia,
nimelitia mate kama mwenye noti za kuhesabu.
Jaribu tena.

Wiki ya tano hii nachambua karafuu kwa Bi Chumu,
karafuu huku, makonyo kule,
pishi kwa pishi, mpaka taa ya sola inafifia.
Gumba limemenyeka, limekuwa jeusi,
mistari aliyoichora Mola imelala chini ya utomvu.
Basi na simu nayo inauliza: we nani?

Nimeingia kwa neno la siri.
Hilo hufungua hata kama si mimi.

Humo ndani naitwa Bintisultani.
Nina miaka saba humo, sijazeeka hata siku moja.
Sina chunusi, sina lile kovu la mafuta ya maandazi,
na nyuma yangu daima pana maji ya buluu.

Nimeteremka mwaka kwa mwaka
kama ndoo inayoshushwa kisimani.

Bwawa la hoteli, Nungwi.
Watu mia tisa na kumi na mbili walilipenda.
Nimesimama, kidevu juu, naangalia mbali.
Mkono wa kushoto niliukata pichani:
ulikuwa na mataulo kumi na sita,
na meneja alikuwa akiniita.

Picha ya keki. Keki haikuwa yangu.
Picha ya pete. Hiyo tuiache.

Kisha nikafika Machi ile.
Ua jeupe, maandishi ya dhahabu:
Pumzika mama, malkia wangu.
Sikuwahi kumwita malkia.
Nilimwita Maa, na siku nyengine
yeye ndiye aliyeniita, nisiitike.
Sikuandika kwamba aliomba maji mara mbili
nami nikasema "nakuja", huku nachagua filta.
Pole mia tatu nilipokea,
kila moja nikaijibu kwa kimoyo chekundu.
Kikombe kimoja cha maji sijakipeleka mpaka leo.

Nikasema, nifute.
Nikagusa kijipipa cha taka. Ikaniuliza: Una hakika?
Miaka saba naweka,
haijaniuliza hivyo hata mara moja.

Na hata nikifuta, Time yuko Maskati, anazo zote.
Mwezi uliopita kanitumia moja niliyoifuta zamani,
chini yake kaandika: "Hapa ulikuwa mzuri."
Hapa.
Kama vile ni kituo, na gari limeshaondoka.

Sakafu ya ukumbi wetu ina doa,
pale Maa alipokuwa akimwaga karafuu mbichi
kabla hazijatoka kwenda jamvini.
Nimelisugua kwa sabuni, kwa majivu, kwa mchanga.
Hakuna aliyelipiga picha. Hakuna aliyelipenda.
Mvua ikikaribia, linanukia nyumba nzima.

Sikufuta. Wala sikuweka jipya.
Nimeingia kwenye mipangilio:
Ongeza alama ya kidole.
Nimetia gumba hili hili, na weusi wake,
na ufa wa ubavuni unaochoma nikikamua ndimu.
Gusa. Inua. Gusa tena.
Ikasema sogeza kidogo, nikasogeza.
Ikasema kingo, nikaipa kingo.
Sijawahi kutazamwa na kitu kwa subira namna ile,
bila kuniambia nitabasamu.

Mwisho ikataka kidole kipewe jina.
Nikaandika Bikombo. Nikasita.
Nikaongeza Faki, jina la baba,
nikaongeza wa Gando,
ingawa hakuna atakayelisoma ila mimi
na huyo aliyemo ndani ya kioo, yeyote awaye.

Imefunguka.
Na huko nje Bi Chumu anapiga kelele,
gunia jengine limeshafika, na mie nimekaa kitako
nanusa kidole changu.