Kilichobaki Nyuma ya Dobi

Nyuma ya duka la dobi, Sohar, ukipita kituo cha petroli,
kuna jiwe jeusi, kimo cha mlango,
Shofiqul huanikia hapo vitambaa vya meza vya hoteli.
Hicho ndicho kilele.

Mama alipofika mwaka wa sabini na nne
na sanduku la bati na kichwa cha cherehani,
kilima kilikuwa kizima. Alikiita Kichuguu,
kwa dharau ya mtu aliyezoea kijani,
lakini kila alfajiri alikipanda
kabla jua halijashika fimbo.
Mawifi wakamcheka: hapo hapana kitu, Zuwena,
hata mbuzi hapataki.

Kisha akaja mtu wa wizara na nyundo.
Akagonga, akanusa, akatuambia
huu ni moto uliozaliwa chini ya bahari,
ukazimwa ungali unasema;
ndiyo maana mawe ni ya mviringo, moja juu ya jingine,
kama mito iliyorundikwa na mgeni asiyerudi.
Akaandika. Akanywa kahawa. Akaenda.

Mkandarasi alisema wiki mbili.
Ilikuwa miezi saba.
Kilima kilivunja meno kumi na tisa ya keekee,
mama akiyahesabu dirishani,
akipiga alama za chaki ukutani jikoni
kama mtu anayehesabu mabao ya timu yake.
Upande wa mashariki ukawa ghorofa sita.
Kusini, maegesho.
Na lile bakuli la juu, tulilokuwa tukiliita Kinywa,
ambamo mvua ya nadra ilituachia maji
ya kuogeshea wanasesere,

sasa ni lifti.
Tunaishi ghorofa ya nne, hewani,
mahali ambapo hapakuwa na mtu wala jiwe.

Agosti iliyopita umeme ulikatika.
Mama alikwama humo dakika arubaini,
na mfuko wa nyanya na simu isiyo na chaji.
Mlango ulipofunguliwa hakulia, hakumlaani mtu.
Alijifuta shingo kwa ncha ya mtandio.
"Bado pana joto," akasema,
kama anayetoka kumwangalia mgonjwa
na amemkuta na nafuu.

Wanasema milima haikutani.
Sijui.
Shofiqul, anayelipwa kwa kilo,
hutandaza vitambaa juu ya jiwe,
huhesabu hadi mia sita, huviondoa.
Havitaki pasi.