Imepokelewa

Miaka ishirini na saba masjalani
mkono wangu wa kulia ulijua neno moja:
IMEPOKELEWA.
Tarehe chini yake, sahihi yangu kama mkia wa mjusi,
faili likafungwa, likaenda lilikokwenda.
Sikuuliza limepokelewa na nani.

Siku hizi nakaa Chang'ombe, nyuma ya duka la Nyemo.
Mezani pana kandambili moja ya bluu
(ya mguu wa pili ilikwenda na maji ya Februari,
maji ya usiku mmoja, kisha basi, vumbi),
na kwa wembe nachonga katika soli yake
kichala cha zabibu.
Punje kumi na moja. Ya kumi na mbili ilimeguka,
nikaiacha. Hata Hombolo hawavuni zote.

Karatasi nazipata ninapozipata:
zile za kufungia zawadi, ambazo wageni wa harusi
walizikunja kwa adabu, wakazisahau chini ya viti;
bitana ya bahasha za benki, yenye vijinyota vya kuficha madeni;
ganda la mfuko wa saruji, rangi ya ngozi ya mbuzi,
ukilipiga pasi halikumbuki lilibeba nini.
Gundi ni ya unga wa muhogo. Mende wanaipenda,
lakini mende hawana wa kumwandikia.

Adui yangu ni upepo.
Upepo wa hapa haubishi hodi.
Juzi ulininyang'anya vipepeo sita vya karatasi
ukavibandika kwenye wigo wa michongoma,
kama vile nao una mtu wa kumpongeza.

Ndipo akaja Ndahani, aliyekuwa karani wa mizani stesheni.
Akageuza ndoo, akaketi.
"Nataka kadi."
"Ya nini? Ninazo za hongera, za pole,
za kipaimara, za mtoto kazaliwa."
"Ya kuchelewa," akasema.

Dada yake Mbeleje, wa Mpwapwa,
alimwandikia mwaka ule waliomzika mama yao.
Barua anayo. Hakujibu.
"Miaka mingapi?"
Akahesabu kwa vidole, vikaisha, akaanza upya.

Muhuri wa jambo hilo sikuwa nao.
Tukajaribu zabibu: zinacheka mno.
Ua: kama liko juu ya kaburi.
Ndege: "Hapana. Ndiyo aliyonisema, kurukaruka."
Tukanyamaza. Chai ikapoa na unzi ndani yake.

Nikageuza kandambili upande wa kisigino,
pale mwenyewe alipoimaliza kwa kutembea,
nikaanza kuchonga herufi.
Herufi za muhuri huchongwa kinyume,
kulia kwenda kushoto,
kama mtu anayerudi kwa njia aliyojia.
I, M, O, W, A hazina taabu,
mbele nyuma sura ni ileile.
Ni E na P na K na L zinazokugeuza shingo,
na E ziko tatu.

Wino wa zambarau, uleule wa serikali.
Nikabonyeza juu ya ganda la saruji,
nikahesabu hadi tano, nikanyanyua.
IMEPOKELEWA.
K ilikuwa imetazama nyuma.
"Nitakuchongea nyingine, Bwana Ndahani, kesho tu—"
"Iache. Atajua ni mimi."

Tarehe akaniambia nisiweke.
Akailamba bahasha mwenyewe, polepole,
akaibana kwapani kama kipimajoto
akaondoka kuelekea kituo cha mabasi,
au kuelekea nyumbani; njia yake ni moja
mpaka pale kwenye mashine ya kusaga.

Mkono ukabaki na kazi yake ya zamani.
Kidole gumba ni cha zambarau bado,
nimekisugua kwa sabuni ya mche mara mbili.
Nyemo anaita dukani, kuna mtu anataka kadi ya harusi,
ya haraka, yenye mapambo mengi.
Namwambia asubiri.
Nachonga K.