Kunasua

Walinipigia saa kumi na moja alfajiri:
kombaini imezama Chekereni,
jaruba la tatu toka mfereji mkuu.
Imezama kiasi gani?
Aminieli akanyamaza, kisha akasema:
Kiti tunakiona.

Nikapakia winchi ya mkono, kapi mbili, waya wa mita arobaini,
magogo mawili ya mgrivea
na blanketi la marehemu shangazi,
ambalo halijafunika mtu tangu nianze kazi hii.

Mlima ulikuwa wazi. Theluji iliyobaki
ilikaa kama rangi kwenye kucha za wiki iliyopita.
Nikawaza, nikiteremka Mabogini: maji ni yale yale,
huko juu yamesimama,
huku chini yanasimamisha.

Minyororo yote miwili ilikuwa imemezwa.
Kadiri Aminieli alivyokanyaga mafuta
ndivyo ilivyojichimbia, kwa uaminifu wa mashine:
imeambiwa izunguke, imezunguka.
Zima, nikamwambia. Aibu haitoki kwa moshi.

Tope halina mikono. Linashika kwa kukosa hewa.
Tumbo la chuma limelilalia, katikati hamna pumzi,
ukivuta, nalo linavuta.
Tukachimba ubavuni, tukasukuma bomba la plastiki chini ya tumbo
mpaka ikasikika sauti
ya mtu mzima akimeza.

Lakini maji yalizidi kuja.
Lango lilifunguliwa kwa Mama Ndeshukurwa,
zamu yake, siku moja katika tisa.
Tukamwendea watatu, tope kiunoni, kofia mkononi.
Akasema: Zama na zamu zimeachana herufi moja.
Yenu ile, yangu hii.
Hatukuwa na jibu.
Akatazama jua. Akatazama miche yake.
Masaa mawili, akasema, na nitayadai.
Akaliteremsha lango mwenyewe, akalikalia.

Hapakuwa na mti wa kufungia.
Mpunga haufungiwi kitu.
Tukazika gogo moja kwenye tuta, shimo la kina cha kifua,
waya ukichomoza udongoni kama kitovu.
Lile la pili tukalifunga mbele ya minyororo,
liwe ngazi ya kukanyagia.

Lugha yetu imefunga kamba mwishoni mwa kitenzi:
kwama, kwamua. Nasa, nasua. Ziba, zibua.
Unaongeza ua, na kitu kinarudi.
Ila ua peke yake ni neno jingine,
nalo hulala ndani ya waya uliokaza.
Ndiyo maana ya blanketi: nalitundika katikati,
ukikatika, ulambe sufu kwanza.
Kahe, mwaka wa mvua zile, lilibaki nyumbani.
Sitasema zaidi. Yonazi anatembea,
kwa upande.

Ondokeni wote.
Nikavuta mkono wa winchi. Ka. Ka.
Kila mlio, upana wa kidole.
Aminieli akaingiza gia ndogo, taratibu,
kama mtu anayetoka chumbani mtoto akiwa amelala.
Ka. Gogo likaingia chini. Ka.
Pua ikainuka, tope likaachia
kwa shingo upande, kipande kwa kipande,
na minyororo ikatokea, imevaa majani ya mpunga.

Hakuna aliyeshangilia. Tulikuwa tunahesabu vidole.

Nililipwa nusu pesa, nusu gunia.
Mama Ndeshukurwa akapandisha lango,
akatangaza kwamba dakika kumi zimebaki
na hatazirudisha.
Shimo likajaa kabla sijakunja waya.

Gogo la nanga liko kule kule ndani ya tuta.
Zika, zikua:
neno lipo.
Nguvu ndizo hazikuwepo.