Msamaha wa Somo

Fomu hii inaitwa Maombi ya Msamaha wa Somo.
Msamaha,
kana kwamba kulijua jambo kabla hujafundishwa ni kosa
ambalo mtu anakuja kulitubia dirishani kwangu saa mbili asubuhi:
karani wa taaluma, chuo cha nyuki, Tabora,
mhuri mmoja, wino wa zambarau, kiti kinachoegemea kushoto.

Leo amekuja Nyanzala Kapele, wa Kaliua.
Ameshuka treni usiku,
daraja la tatu kwenye tiketi, la pili kwenye cheti.
Bahasha ameisafirisha ndani ya mfuko wa michembe,
hivyo kidato cha sita chote kinanukia viazi vikavu.
Nasoma polepole.
Baiolojia, B. Jiografia, C. Kemia, E.

Mwongozo unasema:
B na kupanda, uniti kumi na mbili.
C, kamati itakaa.
E, mwombaji ataanza upya pamoja na wenzake.
Mwongozo hauna safu ya kuandika
kwamba Kemia ilikaa mihula mitatu bila mwalimu,
kwamba titresheni waliifanya ubaoni,
rangi ikibadilika kwa chaki.
Nimeuliza. Si kazi yangu kuuliza.
"Na Baiolojia?"
"Baiolojia nilikuwa na mizinga ya shangazi."

Nami nimewahi kusimama upande ule wa dirisha.
Mwaka ule hati zangu zilikwama Urambo wiki sita,
leo, kesho, njoo Jumatatu,
na muhula mzima nikafundishwa seli ni nini.
Niliijua seli
kama ninavyoijua njia ya Isevya umeme ukikatika.
Nikanyoosha mkono mara ya kwanza, ya pili.
Ya tatu mwalimu akasema: wewe tumeshakusikia.
Nikajifunza kunyamaza.
Hilo nalo halikuwa na uniti.

Shangazi yake huchonga alama kwenye mzinga,
mistari miwili na nukta,
kabla hajaupandisha mtini,
na hakuna apitaye miombo ile akadai cheti.
Alama imesema: asali hii ina mwenyewe.
Hapa alama zataka nakala tatu
na saini ya mkuu wa shule
aliyehamishiwa Kibondo tangu Mei.

Nagonga mhuri.
Baiolojia, kumi na mbili.
Jiografia naipeleka kwenye kamati,
na kikaratasi nimekibana kwa pini, mwandiko wangu,
ambacho kamati haijakiomba.
Kemia...
Kemia imenishinda, namwambia, pole.
"Hapana," anasema, "hiyo naitaka.
Sijawahi kuiona ikibadilika rangi."

Kisha anahesabu ratiba kwa kucha.
Jumanne wazi. Alhamisi wazi mpaka saa sita.
"Saa hizo nitakuwa wapi?"
Miaka kumi na moja dirishani
na hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo.
Wote huchukua msamaha wao wakaondoka mbio,
nami mwenyewe, ningesamehewa, sijui ningekwenda wapi.
Namwambia chuo hakijasema.
Anacheka, anakunja fomu yake mara nne,
mara nyingi kuliko inavyohitaji.

Ameacha michembe minne juu ya kaunta.
Haina safu kwenye fomu.
Nimeila.