Hodi Katika Mwamba

Fosca Belardi haingii bila kuita.
Anasimama mdomoni mwa njia, mundu kiunoni,
anajaza kifua, anaachia: Oooh!
Kisha anangoja, kichwa upande,
kama mtu anayesikiliza chungu kikianza kuchemka.

Simwoni mtu. Simsikii mtu.
"Twende," anasema.

Tunashuka.
Mbingu inakuwa utepe, utepe unakuwa uzi,
kisha hata uzi haupo,
ni mangaga tu, na kuta mbili za majivu yaliyogeuka jiwe,
mara tano ya kimo changu, labda sita.
Mlima ulioyatapika ulikwisha kuzama, sasa ni ziwa;
watu wa Bolsena huvua samaki kooni mwake.

Nashika ukuta. Una jasho.
"Likikatwa leo hukatika kama jibini," anasema Fosca,
"likionja upepo miaka miwili mitatu, hukaza.
Ndivyo alivyokuwa baba yangu."

Alama za sururu zinapanda mpaka juu kabisa,
mshazari, safu juu ya safu, mvua iliyoganda.
Nauliza: walifikaje kule?
Fosca anacheka hadi anakohoa.
Hawakufika. Njia ndiyo iliyoshuka.
Gurudumu lilikula, maji yakala,
utelezi ulipozidi wakachonga tena, chini zaidi,
Mwetruski, Mrumi, mtawa, mchunga kondoo,
"na baba, na punda wetu Bigia, mwaka ule wa theluji,
shubiri mbili, hapa. Unaona?"

Naona.
Kwingine wa kale wako chini,
unawachimbua kwa brashi na subira.
Hapa wako juu.
Visigino vya kwanza vilipita pale, penye mzizi wa mwaloni,
vya baadaye penye msalaba uliochongwa kumtisha shetani,
nasi wa mwisho twapita kwenye sakafu ya kisima,
tukikanyagwa taratibu na waliotutangulia.

Pembeni, shimo. Ndani, vitanda viwili vya mawe.
Walilala maiti; leo yamelala mapipa ya Duilio, binamu yake.
Wenyewe hawajalalamika, husema Duilio,
na mvinyo haujachacha.

Juu ya mlango, herufi nne zinatoka kulia kwenda kushoto.
Fosca anazisoma kwa sauti,
kidole chake kina udongo ukuchani.
Maana yake?
Anainua mabega.
"Sauti walituachia. Maana walikwenda nayo."

Tunatembea bila neno, hata mahali korongo linapojibana,
mabega yangu yakigusa huku na huku.
Punda wa mwisho alipita lini?
"Bigia alikufa nikiwa sijaolewa. Hesabu mwenyewe."
Basi unamwita nani?
Ananitazama kama mtoto aliyeuliza kwa nini maji yamelowa.
Punda wawili wakikutana humu hakuna wa kupisha,
mmoja lazima arudi kinyumenyume nusu saa nzima,
na punda, kurudi nyuma hakufundishiki.
Kwa hiyo mtu huita. Akijibiwa, hungoja.
"Mimi sikufundishwa kuacha."

Kwetu hodi ni tatu;
usipojibiwa, unageuka, wenyewe hawapo.
Huku kimya ndicho karibu:
hakuna ajaye, njia ni yako, pita.

Jua linatupata dakika moja tu, darajani,
mto Lente ukiwa mwembamba kama kamba ya kuanikia.
Ng'ambo, mdomo mwingine, mweusi zaidi.
"Zamu yako," anasema Fosca.

Najaza kifua.
Neno linalotoka si lile lake:
Hodi!
Mwamba wenye kuvu haurudishi mwangwi, unakunywa.
Tunangoja wote wawili, vichwa upande.
Tone la maji.
Tone.
Halafu mbali, ndani, kitu kama kokoto
inayosukumwa na kitu kilicho kizito, kisicho na haraka.

Fosca anaketi juu ya jiwe,
anafungua kitambaa, anamega mkate.
"Tulia," ananiambia.
"Mwache apite."