Betri Nje Kwanza

Shaweji, mashine usiishike bado.
Iache pale juu ya benchi, ilale ubavu,
uitazame kama unavyomtazama mbwa wa watu
kabla hujajua kamba yake inaishia wapi.

Hii haina kamba.

Zamani, hapahapa Luchingu, msumeno wetu wa kwanza
ulikuwa na waya mweusi, umefungwa tepu sehemu tatu,
na mtu akipita mlangoni aliuona ule waya ukutani
akajua: kuna kitu kimeamka, nisisogee.
Umeme ukikatika, na Newala ulikuwa ukikatika
kama mtu anayeikatiza sentensi yake mwenyewe,
msumeno ulikufa, nasi tukakaa, tukabangua korosho, tukangoja.
Waya ulikuwa shahidi.
Sasa shahidi hayupo. Uhai wote umo humu,
kwenye hiki kipande kizito kama sabuni ya mche,
nao haulali eti kwa sababu wewe umekwenda kunywa chai.

Nitakwambia kwa nini nikisali,
nikifika kwenye tahiyatu,
kinachoinuka ni nusu ya kidole.

Ulikuwa msimu, malipo ya korosho yametoka,
kila aliyeuza gunia mbili anataka mlango wa mninga,
kila bwana harusi anataka kitanda kabla ya Ijumaa.
Kitufe cha usalama nilishakifunga kwa raba ya baiskeli,
eti kinanichelewesha.
Nikawa nabadilisha diski, betri imo ndani.
Sekunde tu, nilisema.
Mzee Mtopela akaniita, anadai kabati lake,
nikageuka,
kiganja cha kushoto kikabana swichi.
Sikusikia maumivu. Nilisikia sauti
ya mbao laini.

Niliporudi kutoka hospitali nikapaka rangi, ile ya bluu ya mlango wa msikiti iliyobaki, juu ya kizingiti:

    Betri kwanza ikitoka, ndipo meno uyashike,
    Kidole kikikatika, si muhogo kichipuke,
    Mteja akikufoka, mwache afoke, achoke,
    Duka la vidole, kaka, liko wapi nikafike?

Wanafunzi hucheka. Nawe umecheka.
Cheka. Ila betri iko wapi?

(Umeiangalia. Vema.)

Nayo ina tabia zake, kama mkwe.
Ikitoka kazini ni moto: usiitie kwenye chaja,
iweke kivulini ipoe kama uji wa mtoto.
Ikianza kugugumia imekuomba, iitikie,
usiikamue hadi tone la mwisho.
Mfukoni usiichanganye na misumari;
chuma kikiziunganisha zile ncha zake,
itakayowaka ni suruali yako.
Na siku ikivimba, hata kidogo, kama koo la chura,
usimpelekee yule Dadi wa stendi
anayefungua kila kitu kwa bisibisi moja.
Itoe nje, itie kwenye ndoo ya mchanga,
mbali na maranda haya, maana humu ndani
tunaishi juu ya kiberiti.

Jioni, mswaki ule wa zamani, si wa kutupa:
sugua vumbi kwenye matundu inakopumulia.
Maji usithubutu.
Diski butu ni mwongo, itakufanya usukume,
na anayesukuma huanguka mbele.
Mbao ibane kwenye jiriwa, si kwa goti.
Miwani, hata kama Zuhura wa mama ntilie anapita.
Mimi mtandio naufunga kisogoni, ncha zote ndani.

Haya.
Mashine kwa mkono huu. Betri kwa huo mwingine.
Zisikutane mpaka mbao imekaa, na wewe umekaa,
na aliyekuita ameshaitikiwa akaenda zake.

Mama yako alinikabidhi kijana wa vidole kumi.
Jumamosi anakuja kukuchukua,
na yule mama, namfahamu,
atahesabu.