Nyundo ya Mpini Mrefu

Mgodi wa Zabrze ulipofungwa
wakatupa mkono wa buriani, mmoja mmoja,
bahasha, na saa ya ukutani
ambayo hadi leo inakimbia dakika nne.
Miaka ishirini na tisa chini ya ardhi,
na huku juu, kumbe, jua huwaka hata Jumanne.

Bożena akalipiga pasi shati la harusi ya shemeji.
"Nenda," akasema. "Kazi haipigi hodi."

Ofisi ya ajira ina viti vya plastiki
na mashine inayotema namba.
Yangu themanini na saba.
Binti wa dirishani, kucha za kijani, akauliza:
Ujuzi wako?
Makaa.
Mwingine?
Nikaitazama mikono yangu
kama mtu aliyesahau alikoweka funguo.

Wakanipeleka kozi ya kompyuta, wiki sita.
Wasifu wangu ukatoka nusu ukurasa.
Mwalimu, kijana Tymek, akasema
ongeza mambo unayoyapenda.
Nikaandika: njiwa wa mashindano.
Akasema futa.

Nikalinda ghala la vigae. Nikasinzia,
wakanifukuza, haki yao.
Nikapanga makopo ya mbaazi supamaketi;
msimamizi, rika la mwanangu, akanifundisha kutabasamu.
Wiki ya pili tabasamu likagoma.
Barua nilizotuma, arobaini na moja.
Majibu matatu,
yote yakianza na "kwa bahati mbaya".

Njaa haikuwepo, nisiseme uongo.
Kiinua mgongo kilikuwepo,
mgongo wenyewe ndio haukuinuka.
Kilichonitafuna ni ile saa nne ya asubuhi:
sebule, glasi ya chai iliyopoa,
na mimi nimekwisha kunyoa ndevu
bila pa kuzipeleka.

Ni Gerard, mwenzangu wa njiwa, aliyeniambia:
karakana ya reli, Tarnowskie Góry, wanatafuta mtu.
Mtu gani, hakujua.

Inżynier Rozalia Pytel hakuusoma wasifu wangu.
Aliukunja, akautia mfukoni mwa koti,
akanitangulia mpaka kwenye mabehewa.
Februari. Pumzi zetu zilitufuata nyuma.
Akanipa nyundo ya mpini mrefu.
"Gonga. Kisha uniambie."

Gurudumu la kwanza likaimba.
La pili likaimba. La tatu, la nne,
sauti ndefu, safi, ya chuma chenye afya.
La tano likakatiza,
kama mtu anayetaja jina la marehemu
akakumbuka katikati.

Niliganda pale.

Kule chini, dari husema kabla ya kuanguka.
Husema kidogo tu,
kama punje moja inayopasuka kikaangoni.
Asiyesikia la dari hazeeki.
Mimi nimezeeka.
Hilo halikuwemo katika nusu ukurasa.

"Hili," nikasema.
"Linaonekana zima."
"Hili."
Akapiga goti kwenye kokoto, akawasha tochi,
akavua glavu, akapitisha ukucha.
Ufa, mwembamba kama unywele wa mtoto.
Hakunipongeza. Alisema:
"Jumatatu, saa nne usiku. Vaa soksi mbilimbili."

Miezi mitatu ya majaribio.
Mshahara, theluthi mbili ya ule wa mgodini.
Nilirudi na basi, nikapitiliza kituo changu,
nikatembea nyuma vituo viwili
na sikuona ubaya wake.

"Kazi gani?" Bożena akauliza, mwiko mkononi.
"Kusikiliza."

Alicheka hadi akatafuta kiti.
"Wewe? Wewe, Alojzy?
Tangu Krismasi nakuambia bomba la jikoni linavuja!"

Usiku ule nikalisikia.
Tone. Kimya. Tone.
Nikainuka taratibu nisimwamshe,
nikaenda kutafuta spana.